Rosekoko ya sokoni au borlotti ya kopo? Maharagwe na tambi za kupikia pasta e fagioli Malindi

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Anayetaka kupika pasta e fagioli hapa Malindi asihangaike na makopo ya borlotti, haragwe la Kiitaliano, yaliyopangwa kwenye maduka ya Lamu Road. Rosekoko ya gunia, ile inayopimwa sokoni kwa kibaba na kwa kilo, hutoa supu nzito zaidi na yenye ladha zaidi, na kilo moja yake ikishaiva ni sawa na makopo kumi. Sharti ni moja, nalo ni gumu kuliko linavyosikika: iwe ya mavuno ya karibuni. Rosekoko iliyolala stoo mwaka mzima katika joto na unyevu wa pwani hushindwa hata na kopo la bei ya chini.

Kwa asiyeijua supu yenyewe (jina hutamkwa "pasta e fajoli"), ni chakula cha shibe cha nyumba za kawaida za Italia. Maharagwe huchemshwa, huungwa kwa kitunguu, karoti na seleri, sehemu yake hupondwa, kisha tambi fupi huivia humo humo. Veneto, kaskazini, huiita pasta e fasioi na hawataki kusikia haragwe jingine ila borlotti. Napoli wanaitaka nzito kiasi cha kijiko kusimama, na neno lao la kuisifu ni "azzeccata", yaani iliyoshikana. Aliyezoea kupika maharagwe ya nazi keshajua nusu ya kazi. Tofauti ni kwamba hapa hakuna tui la kuupa mchuzi uzito. Uzito wote hutoka ndani ya haragwe. Haragwe likiwa baya, hakuna cha kulisitiri.

Rosekoko: namna ya kuichagua

Borlotti na rosekoko ni ndugu, zote ni Phaseolus vulgaris zenye punje kubwa. Borlotti ina ngozi ya krimu yenye michirizi ya damu ya mzee. Kwenye rosekoko wekundu ndio unaotawala na krimu hubaki madoa. Zikiiva zote mbili hupoteza marembo yao na kuwa kahawia, kwa hivyo mpishi asishtuke.

Chota konzi moja, iweke kiganjani juani, uangalie yale madoa ya krimu. Yakiwa meupe na angavu, haragwe ni jipya. Yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, limezeeka, na hakuna maneno ya muuzaji yatakayolirudisha ujana. Angalia pia ngozi: iliyokunjamana kabla ya kuguswa na maji ni dalili mbaya. Tundu dogo la mviringo maana yake limebunguliwa, na palipo na punje tano zenye tundu katika konzi moja, zipo nyingine ambazo mdudu bado yumo ndani. Mwisho litie jino. Lililo jipya huacha alama ndogo ya jino; lililozeeka hupasuka kwa mlio kama kokoto.

Uzee wa haragwe si suala la kukauka tu. Likikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, kuta za chembe zake hukazana hadi maji yakashindwa kuzilegeza hata kwa saa tatu za moto. Ndiyo maana gunia lililokaa Malindi huharibika upesi kuliko lile lililokaa bara kwenye baridi. Nunua la matumizi ya mwezi mmoja au miwili, ulitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Gunia la bei nafuu la kuwekwa jikoni mwaka mzima ni hasara.

Maji ya kisima

Lawama nyingi zinazotupiwa rosekoko ("nimeichemsha tangu asubuhi na bado ni mawe") zingefaa zitupiwe maji. Visima vingi vya mjini vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake huja na chokaa. Chokaa hiyo hushikana na ngozi ya haragwe na kuikaza. Kipimo ni rahisi: sabuni ikigoma kutoa povu na birika likishika ukoko mweupe ndani, maji hayo si ya maharagwe. Tumia ya bomba, yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, au ya mvua kama tangi lako ni safi.

Ikibidi ya kisima, tia robo kijiko cha chai cha soda ya kupikia kwa kila lita mbili. Wengine hutia magadi, nayo hufanya kazi, lakini ina nguvu zaidi na kipimo chake hakitabiriki. Punje chache zatosha. Ukizidisha, mchuzi huwa na ladha ya sabuni, rangi hufifia kuwa ya matope, ngozi hujivua na kuelea, na vitamini B1 huondoka. Maharagwe yanayouzwa yamekwisha kuchemshwa, yale ya kupimiwa mfukoni, mara nyingi yamelainishwa hivyo. Kwa kula na chapati si mbaya. Kwa supu hii, ambayo mchuzi ndio kila kitu, hayafai.

Katika kuroweka, vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa lita moja ya maji husaidia kuliko watu wanavyoamini. Ile imani kwamba chumvi hukaza maharagwe haina msingi: chumvi huiondoa chokaa kwenye ngozi na kukaa mahali pake, ngozi ikawa laini na punje zikapasuka chache. Saa sita hadi nane zinatosha. Mapishi ya Ulaya husema "usiku kucha", lakini usiku wao si usiku wetu. Kwenye joto la Malindi, maharagwe yaliyorowekwa saa kumi na mbili mezani huamka na povu juu na harufu ya kuchacha. Kama lazima yalale, yalale ndani ya friji.

Maharagwe mengine, kwa haraka

Wairimu, yale mekundu madogo, yana ladha nzuri lakini hutoa uji mchache, na supu hubaki nyepesi hata ukiponda nusu. Mwitemania hulainika upesi na kupondeka vizuri; rosekoko ikikosekana, haya ndiyo ya pili. Ya njano ni matamu mno kwa sahani hii, ingawa tumbo huyashukuru. Meupe madogo yanafaa kwa anayetaka supu ya rangi nyepesi, mfano wa ile ya cannellini inayopikwa Toscana.

Kunde zinastahili neno moja zaidi. Maharagwe haya tunayoyajua yalitoka Amerika na kufika Ulaya baada ya 1492. Kabla ya hapo, kilichoitwa fagioli huko Italia kilikuwa kunde, zao lenye asili ya Afrika, na mpaka leo kunde zenye jicho jeusi huko huitwa "fagioli dall'occhio". Kwa hiyo atakayepika supu hii kwa kunde za shamba la Kilifi hajaikosea heshima; ameirudisha tu nyuma karne tano. Kunde huiva upesi na hazina haja ya kurowekwa muda mrefu. Zina udongo-udongo kidogo kwenye ladha, kwa hivyo ongeza kitunguu saumu.

Kopo

Kopo si adui. Borlotti ya kopo huwa imeiva sawasawa, haina mawe wala punje ngumu, na supu nzima hutoka kwa dakika arobaini. Anayepikia gesi ya bei ghali, au anayerudi nyumbani saa moja jioni na watoto wana njaa, ana haki ya kulifungua. Hesabu yake ndiyo inayouma. Kopo la gramu 400 likichujwa hutoa karibu gramu 240 za maharagwe. Watu wanne wanahitaji gramu 600, yaani makopo mawili na nusu, wakati gramu 250 za rosekoko kavu hufika hapo zenyewe.

Kasoro ya pili ni maji yake. Ule ute wa kopo una wanga na husaidia uzito, lakini una chumvi na harufu ya bati. Tumia nusu ya ute huo, nusu umwage, na usitie chumvi nyingine hadi tambi ziive. Kasoro ya tatu ni tarehe. Makopo haya yapo Malindi kwa sababu Waitaliano wapo, tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, kilichorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Lakini mvua za masika zikianza wageni wengi huondoka, mahoteli hufunga, na bidhaa hubaki rafuni. Kuanzia Aprili hadi Juni geuza kopo usome chini, na ukiona limevimba au limebonyea kwenye mshono, lirudishe mahali pake.

Tambi

Neno la kutafuta kwenye pakiti ni durum. Tambi za ngano ngumu hushikilia umbo ndani ya supu nzito. Za unga wa kawaida huanza kuyeyuka dakika ya sita, na kabla hujapakua una uji wa maharagwe. Ukikosa neno hilo, tazama rangi: durum ina umanjano wa kaharabu na ukiishika kwenye mwanga huona kama kioo, ya unga laini ni nyeupe ya chaki.

Umbo linalofaa ni ditalini au tubetti, vibomba vifupi vyenye ukubwa wa haragwe lenyewe, ili kijiko kimoja kibebe vyote viwili. Makaroni mafupi yaliyopinda hukaribia. Kubwa hazifai, haragwe huingia ndani ya bomba na kubaki humo likikuunguza ulimi. Spageti inafaa kabisa ikivunjwa vipande vya sentimita mbili: ifunge kwenye kitambaa safi kwanza, uivunje ndani yake, la sivyo vipande huruka hadi chini ya jiko. Na masazo ya pakiti tatu tofauti yakichanganywa ndiyo mtindo wa Napoli wenyewe, pasta mista, mradi zile nene zitangulie dakika mbili. Zile tambi nyembamba za kupika kwa sukari na iliki ziachwe kwa kazi yake.

Jikoni: watu wanne

Gramu 250 za rosekoko, kama kikombe kimoja na robo, zikishachambuliwa na kurowekwa, zimwagwe maji yake na kuoshwa. Zitie kwenye sufuria nzito na lita moja na robo tatu za maji mapya. Kwanza zichemke kwa nguvu dakika kumi bila kupunguza moto. Si mapambo hayo. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli tu, na moto hafifu tangu mwanzo hauifikii. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto lazima atangulize mchemko huo. Kisha punguza, funika nusu, uache dakika sitini hadi tisini. Kwa presha kuka ni dakika kumi na tano hadi ishirini tangu ianze kulia.

Usitie nyanya bado, wala ndimu. Asidi husimamisha ulainishaji pale pale ulipofika. Ili kujua kama yameiva, toa haragwe moja ulikate katikati kwa kisu. Ukiona kitone cheupe cha chaki ndani, bado. Jaribu matatu, siyo moja.

Huku yakichemka, tia vijiko vinne vya mezani vya mafuta ya zeituni kwenye karai, pamoja na kitunguu maji kimoja, karoti moja na shina moja la seleri, vyote vimekatwakatwa wembamba usiozidi punje ya mchele. Hapa ndipo mkono wa Kiswahili hukosea, kwa sababu tumezoea kukaanga kitunguu hadi kiwe rangi ya dhahabu. Kwenye pilau ni sawa. Kwenye supu hii kitunguu cha dhahabu huleta utamu na rangi nyeusi vinavyofunika haragwe. Moto uwe wa chini, na chumvi kidogo ili mboga zitoe maji, dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, hadi kitunguu kiwe kama kioo. Kama ni jiko la makaa, ondoa makaa mawili matatu. Vijino viwili vya saumu vilivyopondwa na kijiti cha rosemari huingia dakika ya mwisho, kisha nyanya mbili zilizomenywa, dakika nane zaidi, hadi mafuta yajitenge pembeni.

Maharagwe yakilainika, mimina mboga zote ndani ya sufuria na uache zitokote pamoja dakika kumi na tano. Toa rosemari. Chota vikombe viwili vya maharagwe na mchuzi kidogo, uyaponde. Kinu na mchi hufanya kazi bora kuliko blenda. Blenda hukoroga wanga hadi ukawa gundi, na ngozi zilizosagwa huifanya supu ya kijivu. Ukitumia blenda, bonyeza mara tatu fupi, basi. Rudisha kilichopondwa, onja chumvi, upime mchuzi kwa macho: uyafunike maharagwe kwa upana wa vidole viwili. Yakiwa yamejaa hadi juu, ongeza maji ya moto, kwa sababu tambi zitakunywa.

Gramu 150 za tambi sasa. Tangu hapa usiondoke jikoni. Wanga wa pande mbili umekutana, na sufuria nyembamba itashika chini ndani ya dakika tatu. Pitisha mwiko wa mbao hadi chini kabisa, kila dakika. Ikishashika usikwangue, hamishia supu kwenye sufuria nyingine uache ukoko ulipo, maana ukiuchanganya ladha ya kuungua huenea yote. Zima dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, funika, subiri dakika kumi. Wasiojua huruka hatua hii, nayo ndiyo inayoleta azzeccata. Ikitoka motoni huwa majimaji na mpishi huingiwa na shaka. Ikipumzika hushikana, na joto lake hushuka kuwa la kulika. Waitaliano wenyewe msimu wa joto huila ya vuguvugu, na jambo hilo linaifaa Malindi kuliko supu yoyote ya moto. Pakua, nyunyiza pilipili manga, umwagie uzi wa mafuta ya zeituni mabichi.

Pesa uliyookoa kwenye makopo iende kwenye chupa hiyo ya mafuta. Extra virgin ya kweli huwasha kooni kidogo ukiionja peke yake. Isiyowasha wala kunukia chochote ni ya kukaangia. Mafuta ya nazi hayashiki nafasi yake hapa, na tui nalo huigeuza sahani hii kuwa maharagwe ya nazi yenye makaroni, ambayo ni chakula kizuri, lakini kina jina lake.

Halali, jibini, na kuiagiza mkahawani

Mapishi mengi ya Italia huanza na nguruwe: ngozi yake, pancetta au mfupa wa paja. Supu haimhitaji. Ladha anayoacha hurudishwa na kipande cha ganda gumu la Parmigiano, likwanguliwe nje na kutiwa nusu saa ya mwisho kabla ya tambi. Maduka yanayokata jibini mara nyingi huliuza ganda kwa bei ya chini kuliko jibini lenyewe, ukiuliza. Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hivyo anayechunga halali kwa undani atafute jibini iliyoandikwa kuwa imegandishwa bila mnyama, au aongeze tu saumu na mafuta.

Kwa anayeiagiza katika mikahawa ya Kiitaliano mjini, maswali ni mawili. La kwanza: "Kuna nguruwe ndani ya mchuzi?" Kutomwona kwenye bakuli si jibu, kwa kuwa ngozi hutolewa baada ya kuchemshwa. La pili: "Tambi zinaivia ndani ya supu, au zinachemshwa mbali?" Zikichemshwa mbali na kutupiwa juu, unapata mchuzi wa maharagwe na tambi zinazoogelea, kila kimoja kivyake, na ni afadhali uagize kitu kingine. Bakuli lililokuja na mvuke mkali na mchuzi unaotikisika halijapumzishwa. Liache dakika kumi mezani kabla ya kulitia kijiko.

Kiporo chake kina kanuni yake. Tambi zikilala ndani ya supu hunywa mchuzi wote, na asubuhi unakuta bonge. Anayepika kingi atenge msingi wa maharagwe kabla ya kutia tambi, uingie friji ndani ya saa mbili, kwa sababu maharagwe huchacha upesi katika joto letu. Msingi huo hukaa siku tatu, na hugandishwa vizuri mwezi mzima. Siku ya kula, uchemshe na kikombe cha maji, utie tambi mpya za siku hiyo. Bonge lenyewe, kama limekwisha kutokea, usilimwagie maji: likaange kwenye kikaangio chenye mafuta ya zeituni hadi upande wa chini ukauke na kuwa mwekundu, kisha uligeuze kama chapati.